Gome Nililolitoa Kabatini

Siku tuliyomzika Mzee Shadrack, bintiye aliniomba nisimame niseme machache kuhusu kazi ya baba yake, kwa kuwa katika wote waliofanya kazi naye nimebaki mimi peke yangu ninayeweza kusimama bila mkongojo. Nilisimama. Niliwaambia waombolezaji kwamba alikuwa fundi wa mimea katika ofisi ya serikali, kwamba alinifundisha kulaza jani kati ya magazeti bila kulikunja ncha, na kwamba vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mshonaji wa nguo za maharusi. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, nikaketi. Lakini kuna jambo ambalo sikulisema, na tangu siku ile linanijia kila asubuhi ninapoinjika chai. Katikati ya miaka ya sabini, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilimnywesha shangazi yangu sumu kwa mkono wangu mwenyewe nikidhani ni dawa. Mwanamke asiye na hatia akakamatwa kwa ajili hiyo. Na Shadrack, mtu mwema tuliyemfukia kwa nyimbo, aliniomba ninyamaze. Makaburini si mahali pa maneno kama hayo. Nimeona niyaandike hapa, kama yalivyotokea, kabla na mimi sijaimbiwa.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba vitatu katika jengo la zamani upande wa Shauri Moyo, Nairobi, lenye paa la mabati lililopiga kelele kila wingu lilipopita mbele ya jua. Serikali ilikuwa imeamua kuacha kuziita dawa za wazee uchawi na kuanza kuzipima. Mkuu wetu, ambaye wote tulimwita Daktari, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na alitembea haraka haraka kama mtu aliyechelewa miaka kumi. Chumba cha ndani kilikuwa na makabati mawili yanayotazamana. Moja lilirithiwa kutoka kwa wakoloni: ndani yake mlikuwa na vichwa vya mishale, utomvu mweusi katika vibuyu, mizizi iliyowahi kufikishwa mahakamani, kila kimoja na kadi yake ya wino uliogeuka rangi ya chai. Hilo liliitwa kabati la sumu. La pili lilikuwa jipya, bado likinuka rangi, na ndilo tulilotakiwa kulijaza: kabati la dawa. "Tukimaliza," Daktari alipenda kusema akiwa amesimama katikati ya makabati hayo, "huku kutakuwa hospitali, na huku kutakuwa jela." Nilimwamini kabisa. Nilikuwa na umri wa kuamini makabati.

Kazi yangu ilikuwa ya miguu. Kila asubuhi nilitoka na mfuko wa turubai, kadi mpya na kalamu, nikazunguka Majengo, Gikomba, siku nyingine hadi Kariobangi, nikiwauliza wauza dawa: mti gani, sehemu gani, unachemshwaje, unatibu nini. Vijana waliokaa kwenye ngazi za nyumba za Shauri Moyo walinizoea upesi. "Niaje, daktari wa majani!" walinipigia kelele. "Hapo ndani hukosi bangi, tupime na sisi!" Niliwajibu kwamba kwanza wajaze kadi, jina la baba na jina la chifu, nao wakacheka wakanifungulia njia. Jioni nilirudi ofisini, na hapo ndipo Mzee Shadrack alipochukua vitu vyangu kama mkunga anayepokea mtoto. Tulilaza matawi kati ya magazeti ya zamani, tukayabana kwa mbao mbili na mikanda, na kila siku tukabadilisha magazeti yaliyonyonya maji, ili mimea isioze. Nilisoma habari zilizopitwa na miezi miwili kupitia mishipa ya majani. Siku nilizoshinda ofisini, saa saba alikata viazi vitamu viwili kwa kisu kilekile cha kazi baada ya kukipangusa kwenye suruali, akanipa kimoja, akanimiminia chai katika kifuniko cha chupa, huku akihesabu watoto wake sita kwa viatu: kiatu cha huyu kimeenda kwa yule, cha yule kimefia njiani. Kila mwezi, Jumamosi moja mchana, alibaki ofisini peke yake. Sikuwahi kumuuliza alibaki kufanya nini. Jumamosi mimi nilikuwa nikifua.

Mama Njoki alikuwa na kibanda mwishoni mwa Majengo, upande unaotazama Gikomba, kimeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya udongo ya Mswahili mmoja aliyempangisha kivuli. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa lake, amekifunga chini hadi kwenye nyusi, na magunia yake alikuwa ameyakunja midomo vizuri kama kola. Siku ya kwanza alinitazama kutoka viatuni hadi kwenye kadi.

"Serikali inaumwa?" akaniuliza.

"Hapana, Mama."

"Basi inataka dawa ya nini?"

Nilimweleza yale niliyofundishwa, juu ya kuhifadhi elimu na kusaidia taifa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akivunja gome vipande vipande. "Baba yangu pia aliandikwa," akasema. "Mzungu alikuja na karatasi kama hiyo, akauliza taratibu kama wewe, akaondoka na mkoba mzima wa dawa za baba. Wiki ya pili wakamjia na pingu. Nenda nyumbani, kairitu." Hivyo ndivyo alivyoniita tangu siku ile, msichana, kwa lugha ya kwao. Nilikwenda nyumbani, na kesho yake nikarudi. Nilirudi wiki tatu. Niliketi kwenye kigoda cha wateja, nikakoroga chungu, nikachambua mizizi, nikala githeri yake, mahindi na maharagwe yasiyo na chumvi, kwa sababu alisema chumvi humharibia ulimi wa kazi. Na kweli alifanya kazi kwa ulimi. Kila alichokichemsha alikinywa yeye kwanza, funda moja kamili, mbele ya mgonjwa, kisha akangoja. Kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye haraka aliyemwambia, "Nipe tu, Mama Njoki, nakuamini." Akamjibu, "Hata mimi najiamini. Lakini sitoi kitu sijaonja. Gunia linaweza kukaa karibu na kitu kibaya, panya anaweza kupita, mtu anaweza kunichukia. Kaa chini."

Mwezi wa pili, bila kuniambia kwa nini, alinipa gome la muthiga, mti wa milimani wenye ukali wa pilipili ambao watu wa kwao hutafuna kwa kifua na kikohozi. "Andika jina langu kwenye hiyo karatasi," akasema. "Si la Daktari wako. Langu." Niliandika: Mama Njoki, Majengo. Alishika kadi, akaitazama ingawa hakujua kusoma, akaipuliza wino ukauke. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa amenipa vitu kumi na saba, na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Daktari alivionyesha kwa wageni kutoka wizarani. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimefura kwa fahari kama niliyeipanda miti yenyewe.

Nilikaa Makongeni, kwa shangazi niliyemwita Senje, katika nyumba za wafanyakazi wa reli: chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua ya bluu, mimi upande wa jiko na masufuria, yeye na mumewe upande wa dirisha. Pazia lile halikuficha chochote isipokuwa nyuso. Nilisikia kila walichosema kunihusu. "Huyu mtoto ananuka msitu," mumewe alisema. "Jana nimemkuta anaongea na mzizi." Senje akacheka mpaka akakohoa. "Afadhali aongee na mzizi," akasema, "mzizi hauna mke nyumbani." Kikohozi chake kilikuwa cha zamani. Mwezi wa tano kilipomzidi, nilimletea gome kutoka kibandani, Mama Njoki akiwa ameonja kwanza, na baada ya siku nne Senje alikuwa akilala usiku kucha. Aliamka akapika ugali na mboga ya mrenda kwa samaki wa kukausha, akanipa kipande cha kichwa ambacho kwa kawaida kilikuwa cha mumewe, na mumewe akatazama pembeni kwa adabu. Katika chumba kile hakuna heshima kubwa zaidi ambayo mtu angenipa.

Kikohozi kikarudi mwezi wa saba, pamoja na ile baridi ya Nairobi isiyo na mvua wala jua. Nilikimbilia Majengo nikakuta magunia hayapo. Mwenye ukuta akaniambia Mama Njoki amepanda Limuru kutafuta gome na kuzika ndugu, atakaa wiki. Senje alikuwa ameanza kulala ameketi. Alhamisi hiyo mchana Daktari alikuwa wizarani, Mzee Shadrack alikuwa ametoka kutafuta magazeti, na mimi nilikuwa na ufunguo. Nilifungua kabati la dawa. Gome la muthiga lilikuwa kwenye rafu ya pili, limefungwa kwa uzi na kadi yangu, mwandiko wangu, jina la Mama Njoki. Nilichukua vipande vinne nikavifunga katika leso. Nakumbuka nilijiambia kwamba hili ndilo serikali ilikuwa ikitafuta, mgonjwa na dawa yake, na kwamba mimi nilikuwa nimefupisha njia tu.

Asubuhi nilichemsha, nikamimina katika kikombe cha bati, nikampelekea upande wake wa pazia. Alikunywa kama nusu. "Leo lina ladha ya shilingi," akasema, akalamba midomo, akanywa tena kidogo ili asinivunje moyo. Hilo ndilo linalonirudia kuliko mengine yote: alikunywa mara ya pili kwa ajili yangu. Robo saa haikupita. Alitapika mpaka magoti yakamwisha nguvu, mdomo ukavimba, akawa anashika tumbo bila sauti. Majirani walimbeba kwenye blanketi hadi kwa dereva mmoja wa reli aliyekuwa na pikapu. Hospitalini muuguzi aliuliza amekula nini, na mimi, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, nikasema: "Ni muthiga. Dawa ya Mama Njoki wa Majengo." Nilidhani ninasaidia. Muuguzi akaandika.

Kutapika ndiko kulikomwokoa, hivyo walituambia. Siku ya tano alirudi nyumbani, amekonda, akilambishwa uji kwa kijiko. Lakini jina nililolitamka lilikuwa limeshatembea. Mama Njoki alishuka kutoka Limuru na gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akawakuta askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, wamesimama kwenye ukuta wake. Walichukua gunia lile jipya pamoja na yote yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa mwenye ukuta. Akalazwa ndani usiku mmoja, kisha akaambiwa asiuze hata jani hadi Ijumaa, siku ambayo chifu angesikiliza shauri hilo mbele ya watu na kuamua kama apelekwe mahakamani. Ofisini Daktari alikuwa amechangamka. Alitakiwa aende kama mtaalamu. "Hili litawafungua watu macho," akasema. "Unaona sasa kwa nini lazima kila kitu kipite kwetu?" Nilikubali kwa kichwa. Nilikuwa na hasira na Mama Njoki. Ndiyo, lazima niliseme: kwa siku sita nilimchukia, nikidhani ulimi wake ulikuwa umechoka, kwamba alinipa kitu asichokijua.

Jumatano saa saba tulikaa na Mzee Shadrack na viazi vyetu. Nikamuuliza jambo lililokuwa likinikera: gome linawezaje kuponya mwezi wa tano, kisha gome la mtu yuleyule nusura liue mwezi wa saba?

"Lile la pili alikupa lini?" akauliza.

"Hakunipa. Hakuwepo. Nililitoa kabatini."

Aliweka kifuniko cha chai chini polepole sana. "Kabati lipi?"

"La dawa."

Aliinuka akafunga mlango. Kutoka nyuma ya ndoo za sakafuni akatoa chupa ya kahawia na burashi pana kama ya kupaka rangi. Akanieleza akiwa amesimama, bila kunitazama. Mimea mikavu huliwa na fukusi. Mwaka mmoja tu, kabati zima hugeuka unga. Kwa hiyo, tangu enzi za Wazungu, kila kitu kilichoingia kabatini kilipakwa chumvi ya zebaki iliyoyeyushwa katika spiriti. Hilo ndilo alilolifanya Jumamosi zile. Alipaka kabati la sumu, akapaka na kabati la dawa, kwa burashi hiyohiyo. Hakukuwa na alama yoyote kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona haja yake. Watu wa ofisini walijua. "Nilidhani unajua," akasema. "Kila mtu anajua." Lakini mimi nilikuwa mtu wa njiani, na njiani hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tukipokea dawa za watu, tunaandika majina yao juu yazo, kisha tunazipaka sumu.

Nimefanya kazi miaka mingi baadaye katika stoo ya dawa ya kituo kimoja cha afya Kariobangi, na wenzangu wadogo wamenicheka kwa jinsi ninavyoandika juu ya kila chupa, kila kopo, hata la sukari ya chai. Waache wacheke. Mimi najua uzito wa maneno matatu: kila mtu anajua.

Mzee Shadrack aliketi tena. Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi ya mtu anayeongea kanisani. "Rispa, mwanangu. Shangazi yako amepona. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Yule mama ataonywa, atahamia soko lingine, watu wa dawa hawakosi wateja. Mimi wakinifukuza, ile nyumba si yangu, ni ya kazi. Watoto sita. Hata wewe ufunguo ulikuwa wako. Watasema umeiba."

"Wakimpeleka mahakamani je?"

Alikuwa akikunja gazeti tupu, ukingo kwa ukingo, kama lililokuwa na kitu ndani.

Nilitembea hadi Makongeni bila kukumbuka barabara. Niliketi kando ya Senje upande wake wa pazia, nikamwambia yote, kabati, burashi, mimi. Niliongea nikitazama maua ya bluu. Alijiinua akaegemea ukuta.

"Kwa hiyo si yule mama," akasema.

"Si yeye."

"Na Ijumaa ni lini?"

"Kesho kutwa."

"Basi unalilia nini hapa? Nipe maji, kisha upige pasi hiyo sketi. Huwezi kwenda kwa chifu umekunjika hivyo."

Ijumaa watu walijaa mbele ya ofisi ya chifu, wengi wao wanawake wa Majengo na Gikomba waliofunga vibanda vyao. Mama Njoki aliketi kwenye kiti cha mbao peke yake, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi, mikono juu ya mapaja. Magunia yake yalikuwa yamelundikwa kando, midomo wazi, yamefungwa vibaya na watu wasioyajua. Daktari aliongea vizuri. Hakumtukana. Alisema wauza dawa ni watu wa maana lakini wanafanya kazi gizani, na tukio hili lionyeshe kwamba dawa isiyopimwa ni hatari. Chifu alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali, akiwa tayari kuandika. Nikainuka. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri na yote yakanitoka.

"Haikuwa dawa yake," nikasema.

"Wewe ni nani?" chifu akauliza.

"Ni mimi niliyemnywesha mgonjwa. Ni shangazi yangu. Nafanya kazi kwa Daktari." Nikasema gome lilitolewa wapi. Nikasema ofisi hupaka sumu kila kitu ili kisiliwe na wadudu, na kwamba hakuna alama. Sikutaja jina la Shadrack, nilisema ofisi. Nikasema mimi ndiye niliyelitaja jina la Mama Njoki hospitalini, na kwamba nilisema uongo bila kujua, na sasa najua.

Daktari akasema kwa sauti ya chini, "Umeiba mali ya serikali."

"Ndiyo," nikasema.

"Ngoja kwanza," chifu akasema. "Hiyo sumu ni yenu?"

"Ni ya kuhifadhi, Chifu. Ni utaratibu wa kimataifa."

"Kuhifadhi nini, maiti?" akaropoka mwanamke mmoja nyuma, na kicheko kikapita katikati ya umati kama upepo katika mahindi. Chifu alipiga meza. Mama Njoki hakucheka. Alikuwa amegeuka kwenye kiti, ananitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipoinuka.

"Kairitu," akasema. "Ulionja?"

Wanawake wote waligeuka kunitazama. Hakuna hata mmoja pale ambaye hakuwa amemwona akinywa funda lile la kwanza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa swali.

"Sikuonja, Mama."

"Umekaa kwangu miezi mingapi?"

"Sita."

Akageuka mbele tena. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyokuwa fupi hivyo.

Chifu akaamuru arudishiwe magunia yake na aendelee kuuza. Watu wakaanza kumpigia vigelegele, wakamshika mikono, lakini yeye aliinuka akanyoosha gauni akamwendea Daktari. "Vile vingine viko wapi?" akauliza. "Kumi na sita vyenye jina langu." Daktari akamweleza kwamba vile sasa ni vya taifa. "Basi twende nikavione," akasema, na akaanza kutembea, na kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumzuia, sote tukamfuata hadi Shauri Moyo, Daktari naye kwa miguu, gari lake ameliacha kwa chifu, vijana wa ngazini wakisimama kutazama bila kutania.

Kati ya makabati Mama Njoki alisimama, pale pale Daktari alipopenda kusimama. Alitaka vitu vyake virudishwe vichomwe. Daktari akakataa, ilikuwa kazi ya mwaka mzima, akasema, na kwa kusema kweli hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Akaahidi kwamba kuanzia Jumatatu kila kimoja kitabandikwa karatasi, SUMU, kwa herufi kubwa.

"Nani ataisoma?"

"Mtu yeyote anayejua kusoma."

"Huyu anajua kusoma," Mama Njoki akasema, akininyooshea kidole bila kunitazama, "na alimnywesha shangazi yake."

Mama Njoki akauliza kama kuna kamba ya mkonge. Ilikuwepo, bunda zima, tuliyofungia magazeti. Akakata kipande, akakizungusha kwenye gome la kwanza, akakaza mafundo matatu, moja juu ya jingine, magumu kama mbegu. "Kwangu kitu cha kuua hufungwa hivi," akasema. "Hata kwenye giza mkono unajua. Hata mtoto. Hata mtu wa serikali." Akanisukumia bunda. Nikapiga magoti sakafuni nikaanza.

Daktari akaingia chumba cha pili, na punde tukasikia mashine ya kupiga chapa, pigo kwa pigo, na nilijua ni jina langu linaloandikwa kwenye barua ya kufukuzwa kazi. Mlango wa nyuma ukafunguka. Mzee Shadrack hakuwa amekuja kwa chifu. Alisimama hapo na magazeti kwapani, akatuona, akaona kamba. Kisha akaweka magazeti chini, akatoa kisu chake, akapangusa kwenye suruali, akaja akapiga magoti upande wa pili wa Mama Njoki.

"Ni wewe unayepaka?" Mama Njoki akamuuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Haya. Kaza vizuri."

Alikuwa na vidole vile vyepesi. Mafundo yake yalitoka sawasawa kuliko yangu. Tulipomaliza vitu vya Mama Njoki nilinyoosha mgongo, nikidhani kazi imekwisha. Yeye alikuwa akitazama rafu za juu, zilizojaa magome na mizizi ya watu wengine, wa Kariobangi, wa Gikomba, watu niliokuwa nimewabembeleza mmoja mmoja kwa kadi na kalamu.

"Na hivyo ni vya nani?"

"Vya wengine, Mama," nikasema.

"Wana majina?"

"Wana majina."

"Basi vishushe."

Mzee Shadrack akavuta ngazi. Daktari akatoka na barua, akasita, akaiweka sakafuni kando ya goti langu kwa sababu meza zote zilikuwa zimejaa. Upepo wa mlangoni uliinua ukingo wake. Nikaweka bunda la mkonge juu yake isipeperuke, nikanyoosha mkono juu, nikapokea gome lililofuata.